Gia ya Kitonga Huchaguliwa Juu

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni ushirikani kwetu, hapa Mbeya, kwenye mkutano wa madereva na familia zao. Wengi mlikuwa barabarani mkaomba mtumiwe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na utani wangu.

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu, madereva wenzangu, na nyinyi mautingo mliojibana huko nyuma karibu na mlango kana kwamba gari linaondoka sasa hivi: Bwana Yesu asifiwe. Mwana-Kondoo ameshinda. Tumfuate.

Nimeambiwa niseme juu ya majaribu na kukata tamaa. Mchungaji angesema vizuri kuliko mimi, maana yeye amesomea. Mimi nimesomea barabara. Miaka 26 nimeshika usukani, Dar es Salaam hadi Tunduma, navuka Nakonde, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, narudi na shaba. Nimeacha kwa sababu ya mgongo, wala si kwa sababu ya utakatifu. Kwa hiyo mtu asikae hapo akadhani amekuja kumsikiliza mshindi. Nitasema mambo ambayo mke wangu, yule pale mwenye kitenge cha bluu, ameyajua miaka ya karibuni tu. Mengine anayasikia leo. Mama, usiondoke.

Niwaulize kwanza. Kwa nini Kiswahili chetu kinasema mtu ameingiwa na tamaa, halafu mtu huyohuyo mwezi ujao tunasema amekata tamaa? Mbona neno ni moja? Tamaa ikiwaka, tunaita jaribu. Tamaa ikikatika, tunaita giza. Kwenye foleni ya mpakani mtu ana muda wa kufikiri, na mimi nimelifikiri hili sana. Hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja. Yule anayenyonya dizeli ya tajiri usiku na yule anayelala chini ya tela hataki kuamka, mara nyingi ni mtu mmoja, ila umemkuta siku mbili tofauti. Lakini sisi kanisani yule wa kwanza tunamtenga na meza ya Bwana, yule wa pili tunampa pole, hatuulizi kama walipitia njia moja.

Wanaoijua Kitonga wanyooshe mikono. Haya. Sasa kwa akina mama ambao hupita pale mmelala kwenye basi, niwaeleze. Ukitoka Iringa kwenda Dar, ukishaiacha Ilula, mbele kidogo barabara inaanza kujikunja na kuteremka, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Nyuma yako una tani 28 za shaba, na shaba haina huruma, inakusukuma.

Dereva mwenye akili husimama juu. Anashuka, anagonga matairi. Anapitisha mkono karibu na kila gurudumu kusikia kama lina moto. Anategea sikio hewa ya breki kama inavuja. Halafu anarudi kitini na kuingiza gia ndogo, palepale juu, gari likiwa limetulia. Breki ya mguu anaitunza kama akiba. Kazi kubwa ya kulizuia gari anaiachia injini. Anashuka taratibu mpaka mabasi yanampigia honi na abiria wanamtukana. Anashuka tu.

Yuko dereva mwingine. Huyu anataka kuokoa dizeli, kwa sababu dizeli iliyookoka ina mnunuzi. Anaitoa gia, anaacha gari lishuke lenyewe, fri. Kona ya kwanza raha. Kona ya pili mwendo umechanganya. Anakanyaga breki, breki zinapata moto, unaisikia harufu mpaka ndani. Sasa anaitaka ile gia aliyoitoa. Gia inakataa! Inasaga, inalia, inakataa, maana magurudumu yanakimbia kuliko injini. Hapo ndipo anapomkumbuka Mungu. Nawaambieni, hakuna nyumba ya ibada Tanzania hii ambamo watu wanaomba kwa moyo kama mle Kitonga ndani ya gari lisilo na breki. Na Bwana ni mwema, wengine amewatoa wazima. Lakini maombi yale mahali pake palikuwa juu, gari likiwa limesimama.

Gia ya kushukia huchaguliwa juu. Semeni pamoja nami. Gia ya kushukia huchaguliwa juu.

Paulo anawaambia Wakorintho, waraka wa kwanza, sura ya 10, mstari wa 13, kwamba pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Mstari huu niliujua tangu nikiwa kijana wa kwaya. Na kwa miaka mingi niliudai Mungu kama deni. Nilikuwa najiuliza, mbona kila nikianguka sikuuona huo mlango? Uliwekwa wapi?

Siku moja nikaambiwa ulipokuwa. Sikilizeni.

Kati ya Makambako na hapa kuna mahali, sitapataja, ambapo ukisimama usiku kijana anatokeza na madumu kabla hujazima taa. Safari ile nilikuwa na ujumbe wa ada ya mtoto kwenye simu. Nilikuwa nimeutazama tangu Morogoro. Nikasimama. Yule kijana akaingiza mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo, akatema pembeni, dizeli ikaanza kutiririka. Madumu mawili, lita 40. Mimi nimesimama natazama barabarani kana kwamba gari si langu. Akanihesabia noti zimelowa mafuta. Asubuhi nikaagiza ugali kwa mama lishe, nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu, nikamega tonge, nikalisogeza mdomoni: dizeli. Tonge la pili: dizeli. Sikumaliza sahani ile. Lakini safari iliyofuata nilisimama tena, na tonge halikunuka sana. Na ile ya tatu sikunusa kitu. Mnaona hatari iko wapi?

Mlango ulikuwa wapi? Usiku ule kwenye madumu haukuwepo, au ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu wa kimo changu hapiti. Mlango ulikuwa siku mbili nyuma, Morogoro, nilipoupata ule ujumbe. Ningempigia mke wangu nikamwambia, "Mama, fedha haijatimia." Maneno matatu. Sikupiga, kwa sababu mimi ni mwanaume, nitajua mwenyewe. Miaka imepita, ndipo ananiambia kwamba mwezi ule zamu ya kukopa kwenye kikoba ilikuwa ya kwake, na hela alikuwa nayo ndani, kwenye kopo la maziwa! Mlango wa kutokea aliokuwa ameuweka Mungu ulikuwa kopo la maziwa jikoni kwangu. Mimi nikapita Mikumi, nikapanda Kitonga, nikapita Iringa, Mafinga, Makambako, namwomba Mungu anifungulie.

Mtazameni Bwana wetu jangwani, Mathayo sura ya 4. Amefunga siku 40, ana njaa. Shetani anakuja mara tatu, na mara tatu anajibiwa kwa "imeandikwa". Maneno yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati. Je, alikuwa na gombo mle jangwani akawa anafunua? Aliyaingiza zamani, Nazareti, akiwa kijana wa fundi, siku ambazo hakuna kilichokuwa kinawaka. Hiyo ndiyo gia ya juu.

Na Yusufu? Tunapenda kuhubiri vile alivyoacha vazi akakimbia. Tunasahau mwisho wa mbio zile. Alikimbilia gerezani. Vijana, sitawadanganya. Nilipoacha kuuza mafuta, hakuna aliyenipigia makofi. Wenzangu waliniita Yesu wa Tunduma. Walioniuzia chakula kwa mkopo waliacha, maana walijua sina tena hela ya pembeni. Mtu akikwambia ukiokoka mambo yatanyooka palepale, muulize Yusufu miaka yake ya gereza amwekee wapi.

Nije kwenye simu. Nyuma huko naona zinafichwa mifukoni, zitoeni tu, sitaziombea.

Safari zangu za mwishomwisho nilikuwa na utingo mmoja, kijana mzuri, mchapakazi. Pale Nakonde nikampa fedha ya chakula cha siku nne. Usiku naamka kukojoa, namkuta kajifunika turubai, mwanga wa simu umemjaa usoni. "Mzee, mkeka umebakiza timu moja." Mkeka ndiyo orodha ya mechi anazobetia. Timu yenyewe ni ya nchi ambayo ukimpa ramani haioni, wachezaji hawajui, rangi ya jezi hajui. Dakika ya 90 wakasawazisha. Mkeka ukachanika. Chakula cha siku nne kikaenda na mpira wa kona.

Nilitaka kumfokea. Nikamuuliza tu, kwa nini? Nilidhani atasema anataka kuwa tajiri. Akaniambia, "Mzee, mshahara huu hata niutunze miaka kumi haunijengei chumba."

Wapendwa, nyamazeni kidogo. Tunasema vijana wa kubeti wana tamaa. Yule kijana alikuwa ameshaikata. Mtu anayeamini kwamba jasho lake litamfikisha mahali hawekei ugali wake timu asiyoijua. Mkeka ni kilio cha mtu aliyekwisha kukubali kwamba kazi haina maana. Na niseme hili, Mchungaji atanisamehe: wanaosimama madhabahuni wakasema panda laki moja upokee milioni, huo nao ni mkeka. Umeandikwa jina la Yesu juu, lakini ni mkeka. Nao huchanika, na ukichanika mtu hapotezi hela peke yake.

Nilimfundisha nini? Sina elimu kubwa. Nilimkumbusha sala aliyoijua tangu Shule ya Jumapili: utupe leo riziki yetu. Leo. Bwana hakutufundisha kuomba riziki ya miaka kumi kwa usiku mmoja. Tukakubaliana kila safari ananunua tofali 50 kabla hajagusa kitu kingine. Mtaniuliza, sasa ana nyumba? Ana msingi. Una majani, mbuzi wa jirani wanalala mle. Na wiki iliyopita amenikiri kwamba Jumamosi nyingine bado anachungulia mkeka. Lakini tofali anazijua idadi yake, na akizitaja uso unabadilika.

Sasa niende kwenye lile lililonileta hapa.

Nilikuwa Kasumbalesa, foleni, siku ya sita. Simu ikaita, kaka yangu. "Mama ametutoka." Mimi ndiye kitinda mimba. Gari la mtu, mzigo wa mtu, mpakani, huwezi kulitupa ukaondoka. Niliyemtegemea anitafutie dereva wa kunipokea alisema atanipigia, na simu yake haikupatikana tena. Siku ya tatu wakazika. Kaka akaweka simu karibu na kaburi ili nami nisikie. Nikasikia wimbo wa kwaya, mtandao ukakatika, ukarudi, nikasikia udongo, ukakatika. Uliporudi watu walikuwa wanatawanyika, wanaongea mambo ya kuni na maji.

Nikaingia chini ya tela nikalala. Siku mbili. Joto la lami, harufu ya grisi, miguu ya watu inapita. Sikulia. Nikawa nawaza barabara ya kurudi. Nikawa naiwaza Kitonga, na siendelei zaidi ya hapo, mmenielewa.

Mimi, mzee wa kanisa! Nina Biblia kwenye dashibodi! Nilijiambia, ungekuwa na imani usingekuwa hapa chini. Na wapo watakaokwambia hivyohivyo, kwamba Mkristo hasononeki, kwamba huzuni ni pepo. Wasome 1 Wafalme sura ya 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, mvua imerudi, na bado neno moja la Yezebeli linamkimbiza. Madereva, angalieni kitu kimoja ambacho mimi nilikiona kwa sababu ya kazi yangu: Eliya alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake hapo, akaingia jangwani peke yake. Alimwacha utingo! Mtu aliyekata tamaa hufanya hivyo siku zote, anaanza kwa kumshusha mwenzake. Akakaa chini ya mretemu, akasema "Yatosha", akaomba afe.

Na Mungu alifanya nini? Alimkemea? Alimwambia imani yako ndogo? Alimletea chakula. Mkate juu ya makaa, na maji. Malaika akamgusa, inuka, ule. Akala, akalala tena. Mungu akamwacha alale! Halafu akaguswa mara ya pili, ale tena, kwa kuwa safari ni kubwa. Mahubiri yalikuja baadaye sana, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Kwanza ilikuwa kula na kulala.

Utingo wangu wa miaka ile hakuwa mtu wa kanisa. Siku ya pili jioni aliinama chini ya tela, ameshika sufuria iliyokatika mkono mmoja, ameishika kwa kitambaa cha kufutia kioo. Ugali na kapenta, yaani dagaa, za moto, na nyanya moja ameikata vipande vinne. Akaniambia, "Mzee, kula kwanza." Nikamwambia sitaki. Hakuondoka. Akakaa chini kwenye lami, akaanza kula yeye, polepole, upande wake wa sufuria. Ule upande wangu hakuugusa. Tulikaa hivyo mpaka ugali ukaanza kupoa. Nikanyoosha mkono.

Nikala, nikalala. Kesho yake akaleta tena. Siku ya tatu nikaoga kwa dumu, nikafungua Biblia, na maombi yangu yalikuwa neno moja la Eliya, yatosha. Nadhani yalipokelewa.

Kama uko hapa leo, au unasoma haya ukiwa kwenye foleni, na wazo lile linakutembelea, usikae nalo usiku huu peke yako. Mwambie utingo. Mwambie mkeo. Nenda hospitali, mle kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, na kidonge hakigombani na maombi. Eliya hakuambiwa achague kati ya mkate na malaika.

Mke wangu alilelewa Mkatoliki kabla sijampata. Sisi tunasali "utuokoe na yule mwovu". Yeye mpaka leo ulimi ukiteleza husema kama alivyofundishwa kwao, "utuopoe maovuni". Zamani nilimcheka. Siku hizi nalipenda neno lile kuliko letu. Waliokulia kwenye visima wanajua kuopoa ni nini. Kamba inakatika, ndoo inazama, mnatafuta kulabu, mnaifunga kwenye kamba ndefu, mmoja analala kifudifudi ukingoni anapapasa gizani, mwingine amemshika miguu asitumbukie. Je, mmewahi kuona ndoo iliyojiopoa yenyewe? Na sala ile yote iko kwa wingi. Utupe. Utusamehe. Utuopoe. Hakuna mahali pa kusema nipe.

Tunapenda kujisifu kwamba sisi ni Wamoravian, kwamba wamisionari walifika Rungwe 1891. Tunajua walitoka kwa watu gani? Huko Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakimbizi, na walikuwa wamegombana wao kwa wao vibaya sana. Mwaka 1727, mwezi wa Agosti, baada ya kupatana, wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za siku nzima, kila mtu na saa yake ya kuomba, usiku na mchana. Zamu ile iliendelea zaidi ya miaka 100. Nikifikiria hilo nawaza tu mtu wa saa nane usiku, baridi ya kule, ameamka kwa ajili ya mtu ambaye hamjui. Bwana alisema kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni. Hakusema kesha. Alisema kesheni.

Sasa sisi. Saa mbaya ya dereva kila mtu anaijua hapa. Ni ile ambayo umeegesha, utingo anakoroma, yadi imenyamaza, na kuna mtu anagonga mlango wa gari, ama na dumu, ama na chupa, ama na kitu kingine ambacho sitakitaja mbele ya watoto. Au hakuna anayegonga, na hilo ni baya zaidi. Saa hiyo unahitaji namba moja ambayo ukipiga itapokelewa na mtu ambaye hatauliza kwa nini unapiga usiku.

Nimebandika karatasi pale karibu na mlango, mautingo mmeziba, sogeeni kidogo ionekane. Ina saa za usiku, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Unaandika jina na namba, zamu yako siku moja kwa wiki, simu inakuwa na chaji na sauti iko juu. Mwenye kupiga asihubiriwe. Muulize kwanza kama amekula.

Akina mama wawili wameshajiandika saa tatu na saa nne. Mchungaji amechukua saa kumi, anasema huwa macho tayari. Mimi na mgongo wangu tumechukua saa tisa. Saa nane bado haina mtu, na kalamu iko kwa mama mhazini.